Mhariri, huyo bwana wa dizeli afungue boneti kwanza

Mhariri,

Mbukwenyi. Ndivyo tunavyosalimiana huku Ugogoni kabla ya kuelezana shida, na shida yangu ni barua mliyoichapa majuzi ya bwana mmoja wa Morogoro. Aliwashauri watumishi wapya wanaopangiwa vijijini wanunue gari la dizeli hata kwa kufumba macho, maana dizeli haina plagi, haina koili ya kuzipa plagi umeme, haina mambo mengi, na haifi. Barua hiyo nilisomewa na mjukuu wangu nikiwa chini ya gari la dizeli, mgongo juu ya gunia, oili imenichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia arudie hapo kwenye "haifi". Akarudia. Ikabidi nitoke, ninawe, nitafute kalamu.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, naishi wilaya ya Kongwa. Magari ninayo mawili, yote makuukuu. La kwanza ni pikapu, Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 3L, lita 2.8, isiyo na tabo wala kompyuta. Marehemu mume wangu aliinunua ikiwa imeshatembea sana, akaniachia mwaka 2011 pamoja na deni la fundi. La pili ni Toyota Probox ya petroli, injini ya 1NZ, lita 1.5. Hili nililinunua 2017 ili mtoto wa dada yangu alifanyie mchomoko, kubeba abiria, kati ya hapa na Kibaigwa. Biashara ikamshinda, gari likanirudia.

Ufundi sikuusomea. Nilisukumwa. Baada ya msiba, kila Hilux ikigoma fundi alikuwa akija, anainamisha kichwa ndani ya boneti, anasema, "Mama, hii ni pampu." Nalipa. Mwezi haujaisha, "Mama, ni pampu tena." Mara ya tatu nikamwambia, baba, hebu nioneshe hiyo pampu yenyewe niifahamu. Akanionesha kitu cha chuma chenye mkanda. Nilikuja kujua baadaye kwamba kweli ilikuwa pampu, ila ya usukani. Siku hiyohiyo nikatoa daftari la kaunta, nikalichora kama rejesta ya wajawazito: tarehe, kilomita, dalili, nilichokikuta, nilichokifanya, gharama. Daftari la Probox nalo lipo, jembamba zaidi. Ninayoyasema hapa yametoka humo.

Nianze kwa kumpa bwana wa Morogoro haki yake. Dizeli ya zamani kama yangu ni mashine ya mtu wa shamba. Haihitaji cheche, inaibana hewa zaidi ya mara 20 mpaka inakuwa ya moto kiasi kwamba dizeli ikirushwa humo inajiwakia yenyewe. Petroli ya Probox inabana kama mara 10 tu, ndiyo maana inahitaji plagi ya kuiwashia. Kwa hiyo Hilux ikishawaka, umeme unaobaki wa lazima ni waya mmoja, ule unaokwenda kwenye kizimio kilicho juu ya pampu ya dizeli. Mwaka 2014 nilikuwa nimebeba gunia za mahindi, gari likazima ghafla kwenye korongo kabla ya Mbande. Stata inazunguka vizuri, moshi hautoki hata kidogo. Waya huo ulikuwa umekatika kwa kutikisika. Nikachukua waya wa redio, nikautoa moja kwa moja kwenye chanya ya betri mpaka kwenye kizimio, likawaka. Kulizima nilipofika ilibidi nifungue boneti nichomoe. Wauza mahindi walinishangaa, lakini nilifika.

Kazi nyingine za nyumbani kwenye Hilux ni za namna hiyo, za mikono na spana. Chini ya filta ya dizeli kuna kikombe kinachokusanya maji, nakifungua koki kila mwisho wa mwezi na kila taa yake inapowaka. Nikibadilisha filta nabonyeza kipampu cha mkono kilicho juu yake mpaka kinakuwa kigumu, hewa imeisha. Mafuta yakiisha kabisa njiani, hapo nalegeza nati za mabomba kwenye nozo, zile zinazorusha dizeli ndani ya silinda, kwa spana namba 17, mtu anapiga stata, dizeli ikitoka bila mapovu nakaza. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu ni baridi, na hita plagi moja (zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha) ikifa gari linaanza kwa kutetemeka na kutoa moshi mweupe. Unafungua kile kibati kinachoziunganisha zote nne, unachukua taa ya kupimia iliyoungwa kwenye chanya ya betri, unagusa moja baada ya nyingine. Inayowasha taa ni nzima. Hata mjukuu wangu wa darasa la sita anaifanya.

Lakini bwana huyo aliandika kana kwamba yote hayo ni bure. Hilux inataka oili karibu lita 6, na inakuwa nyeusi kama masizi ya chungu kabla hujafika Kibaigwa. Probox inakunywa lita 3.7 pamoja na filta. Betri ya Hilux ni kubwa na bei yake kubwa, kwa sababu kuuzungusha mgandamizo wa mara 20 si mchezo. Halafu kuna taimingi belti, mkanda unaoziendesha valvu zipishane na pistoni, unabadilishwa kila kilomita 100,000. Toyota waliweka taa kabisa kwenye dashibodi, imeandikwa T-BELT, ikifika muda inawaka. Unaponunua dizeli ya mtumba washa swichi uone kama taa hiyo inawaka kidogo na kuzima pamoja na wenzake. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliichomoa, na jiulize kwa nini. Belti ya 3L ikikatika mnapokwenda, valvu na pistoni zinakutana. Probox ina cheni. Ukiipa oili safi unaisahau.

Sasa hizo plagi na koili anazoziogopa. Siku moja natoka kanisani na Probox, ikaanza kumisi, inatingishika kama mtu mwenye homa ya baridi. Mtoto wa dada yangu ana kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa na simu. Kikatoa P0302, maana yake silinda ya 2 haichomi. Nikatoa kifuniko cha plastiki, nikafungua bolti moja namba 10 ya koili ya pili na moja ya koili ya tatu, nikazibadilishana nafasi. Tukafuta, tukazunguka kijiji, tukasoma tena: P0303. Ugonjwa umehama na koili, basi mgonjwa ni koili, si plagi wala nozo. Nikapiga simu kwa wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, koili ikaja kwa basi keshokutwa yake. Kazi yote hiyo niliifanya na kitenge changu cha kwaya. Hizo ndizo "mambo mengi" za petroli.

Kwa hiyo tungeishia hapo tungesema ngoma droo, kila mtu na mapenzi yake. Kinachonifanya niandike ni kwamba kijana anayemaliza chuo leo akienda kununua "dizeli" hatapata Hilux ya marehemu mume wangu. Zilizo nzima hazipo, na wenye nazo hatuziuzi. Atauziwa dizeli ya kisasa, ile mafundi wanayoiita komoni reli, yenye bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha nozo zote na kompyuta ya kuziongoza, na hiyo ni mashine nyingine kabisa yenye jina la zamani. Mdogo wangu wa mwisho alinunua moja, pikapu nzuri, ina nguvu, kimya, inakula mafuta kidogo kweli. Mwaka wa pili ikaanza kugonga asubuhi. Nozo. Tena nozo zake zina namba ndefu za siri zilizoandikwa juu, ukifunga mpya lazima namba zake ziingizwe kwenye kompyuta ya gari kwa mashine, la sivyo halitulii. Mashine hiyo hapa kijijini hakuna. Gari lilivutwa mpaka Dodoma, likakaa wiki tatu, na nozo nne zilimtoka ng'ombe wanne, madume.

Hapa naomba mniruhusu niache ufundi kidogo niseme kama muuguzi, kwa sababu ndipo penye jambo ambalo sijawahi kuliona likiandikwa kwenye gazeti.

Nikiwa bado binti kazini, zahanati yangu ililetewa kijana aliyekuwa akisaidia kupima nozo ya trekta. Waliichomoa wakaiacha imefungwa kwenye bomba lake, wakapiga stata waone inavyorusha. Yeye akaweka kidole mbele kuhisi nguvu yake. Alikuja akicheka. Kidoleni kulikuwa na alama moja kama aliyechomwa na mwiba, damu hata tone, maumivu hakuna. Nikaisafisha, nikampiga sindano ya pepopunda, nikambandika plasta, nikamwambia arudi akiona usaha. Alirudi kesho yake alfajiri, kidole kimevimba mpaka kiganja, kimepauka, kigumu kama ubao. Dizeli ilikuwa imeingia ndani kupitia katundu hako na kusambaa kufuata mishipa. Hospitali walikikata. Mpaka leo nikikutana naye mnadani tunasalimiana vizuri, ila mimi ndiye ninayeangalia pembeni.

Hiyo ilikuwa nozo ya trekta ya zamani. Tairi la Probox nalijaza upepo PSI 30. Ndani ya bomba la komoni reli, kwa kipimo hichohicho, shinikizo linaweza kupita 14,000. Na mimi mwenyewe nimewaambia hapo juu kwamba kwenye Hilux nalegeza nati za nozo. Mafundi wengi wa mitaani wamelelewa hivyo: injini inaunguruma, unalegeza nati moja moja, ile isiyobadilisha mlio ndiyo nozo mbovu. Kwenye dizeli ya pampu ya zamani inafanyika, kwa tambara na tahadhari. Kwenye komoni reli inayounguruma usithubutu hata kugusa kwa kiganja kutafuta panapovuja. Ikimpata mtu, hata kama anacheka, hiyo ni safari ya hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, na aseme wazi kwamba ni dizeli yenye shinikizo. Asikubali plasta.

Petroli nayo ina yake, sitaificha. Mvuke wake unawaka hata mahali usipouona ukitambaa, na nimeuguza vidonda vya moto vya kutosha kujua kwamba petroli kwenye chupa ya maji chini ya kitanda haina tofauti na nyoka. Kidumu cha dizeli stoo hakinikoseshi usingizi. Cha petroli sikiweki ndani kabisa. Vilevile si kila petroli inafaa kwa mtu wa spana namba 10. Zile injini za D4 zilizotutesa watu miaka ya nyuma, zinazorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zina pampu yake ya shinikizo na ulalamishi wake, na mafundi wengi walizing'oa wakafunga injini nyingine. Ninayoisifu mimi ni petroli ya kawaida, ile inayonyunyizwa kwenye njia ya hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Inavumilia mengi.

Inavumilia hata mafuta mabaya, kwa kiasi chake. Wakubwa wenzangu wanakumbuka enzi za uchakachuaji, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa rahisi. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kuyatambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili tamaa hiyo ipungue. Hali ilibadilika, nakiri. Lakini maji bado yapo, hasa masika. Mafuta ya taa yanaipunguzia pampu ulainisho, maji yanaitia kutu, na pampu ya dizeli haina oili nyingine zaidi ya hiyohiyo dizeli inayopita ndani yake. Rejesta yangu inaonesha kikombe cha Hilux kimewahi kutoa nusu glasi ya maji siku moja baada ya kujaza kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Hilux ilikohoa, nikamwaga, tukaendelea. Pikapu ya mdogo wangu ingelala Dodoma tena.

Kuna na hicho kichujio cha moshi kwenye dizeli nyingi za siku hizi. Kinakusanya masizi, halafu kinayachoma chenyewe kwa joto kali gari likiwa kwenye mwendo mrefu. Mtumishi anayetoka nyumbani kwenda zahanati kilomita mbili na kurudi hakipi muda huo. Kinaziba, taa inawaka, dizeli inayorushwa ya ziada ili kukichoma inateremka kwenye oili, na oili inapanda kwenye dipstiki badala ya kushuka. Ukiona oili ya gari lako inaongezeka yenyewe, usifurahi.

Baba yangu alikuwa kijana wa spana kwenye karakana za ule mradi wa karanga wa Waingereza hapahapa Kongwa, ulioanza 1947. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino, na ardhi yetu ya kiangazi ngumu kama saruji ikayamaliza. Alikuwa anasimulia jinsi walivyochinja trekta mbili kulisha moja, na mzungu wao akipiga simu ya spea ambazo zilikuwa bado ng'ambo. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Na kuna kitu nilikisoma baada ya yeye kufa ambacho kingemchekesha sana: kwenye maonyesho ya Paris ya 1900, injini ya yule Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Wangejua, wangeacha karanga zilime zenyewe. (Asije mtu akamimina mafuta ya alizeti kwenye tangi akasema muuguzi kaniambia.)

Mhariri, nimeulizwa swali hili na binti aliyepangiwa kwenye zahanati niliyostaafia, ndiye hasa aliyekuja na gazeti lenu mkononi na akiba yake benki. Nilimuuliza atabeba nini. Yeye mwenyewe, mtoto, na mara mojamoja mgonjwa. Barabara yake ni ya changarawe, na korongo moja linalojaa siku chache kwa mwaka, siku ambazo hata Hilux yangu nailaza nyumbani. Nikamwambia anunue petroli ndogo yenye cheni, bila D4, na kwa pesa itakayobaki anunue boksi la spana, jeki ya maana na kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani. Angesema anabeba gunia 15 kila wiki kutoka shamba lenye matope, ningemtafutia dizeli ya pampu ya zamani hata ikinichukua mwaka. Na angekuwa na mshahara mnono na kuishi mjini karibu na fundi pampu mwenye mashine, anunue hiyo komoni reli, ni gari tamu sana.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, bwana wa Morogoro afungue boneti asome herufi za injini yake kwenye kile kibati, kisha atuandikie tena atuambie ni dizeli gani hiyo isiyokufa. Ikiwa ni 3L au 1HZ ya Land Cruiser, nazo za pampu ya zamani, nitamsalimia kama ndugu. Ikiwa ni nyingine, aseme na bei ya nozo zake.

Pili, kama mna nafasi, lile jambo la kidole lichapeni hata peke yake, muache haya mengine. Vijana wa gereji wanasoma gazeti lenu. Ndilo wanalolalia chini ya magari.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Kongwa, Dodoma.